Asiyetamani naye hufiwa

Haya ni mazungumzo ya wiki kama yalivyosomwa redioni Jumapili jioni. Tunayachapa kwa ajili ya wasomaji ambao hawakupata kuyasikia.

Ndugu msikilizaji,

Leo naanza kwa kukiri kosa. Miezi michache iliyopita nilimpa kijana mmoja ushauri mbaya. Kwa kuwa nilimshauri kwa sauti ya kujiamini, sauti hii hii unayoisikia kila Jumapili, naona ni haki niitengue kauli yangu hadharani.

Kijana mwenyewe ni fundi cherehani wa pale Bunda mjini. Alinifuata Musoma, akanikuta kwenye kibanda cha chai karibu na mwalo wa Mwigobero nikizungumza na wenzangu. Akatoa shikamoo, akasubiri mpaka wenzangu walipoondoka, ndipo akafungua mfuko wa kitambaa alioushona mwenyewe. Ndani mlikuwa na madaftari matatu ya shule yaliyojaa mwandiko wa kalamu ya bluu. Juu ya daftari la kwanza ameandika kwa herufi kubwa: HADITHI YA MAPENZI.

Alikuwa amekwisha kuyapeleka kwa mchapaji mmoja huko Mwanza. Mchapaji akayarudisha na kumwambia kwamba hadithi ni nzuri, ila haina mapenzi. Kijana akataka nimwambie, kama mtu mzima anayesoma vitabu, ni kitu gani kimekosekana.

Niliyasoma kwa siku mbili. Naomba nikusimulie kwa ufupi, kwa ruhusa yake.

Wapo ndugu wawili wa tumbo moja, na kwao ni Butiama. Mkubwa ni mvuvi wa dagaa Musoma, ameoa na ana mtoto wa miaka minne. Mdogo anashona nguo Bunda na hajaoa. Mwandishi hakuwapa majina. Mkubwa anamwita marehemu, mdogo anamwita mdogo mtu, na mke wa marehemu anaitwa shemeji tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Wale wanaokaa kando ya ziwa wanajua kwamba dagaa huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo. Wavuvi huweka taa juu ya maji, na dagaa huufuata ule mwanga mpaka kwenye nyavu. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni taa za sola. Usiku mmoja wa namna hiyo upepo unageuka, mtumbwi unapinduka, na kaka mtu harudi. Mwili unaonekana siku ya tatu, unasafirishwa kwenda Butiama.

Mdogo mtu hakulia. Alipokabidhiwa nguo za kumvika marehemu, aliona shati halina kifungo cha pili kutoka juu. Wanawake walikuwa wanalia, wazee walikuwa wanahesabu michango, yeye akaomba sindano na uzi. Akakaa chini ya mti akashona kifungo, akakata uzi kwa meno, akalirudisha shati. Baadhi ya watu walisema kijana huyu ana moyo mgumu.

Siku ya kumaliza msiba ukoo ukakaa kikao. Madeni yakasomwa, nyavu zikahesabiwa, mtumbwi ukapata mwenyewe. Likabaki suala la mjane. Baba mkubwa akasema mji wa marehemu hauwezi kuzimika moto wakati mdogo wake yupo, tena kapera, tena ana kazi yake. Mdogo mtu akasimama. Akasema mtoto atamsomesha, shamba la shemeji atalilima, nyumba ikivuja ataiezeka, ila kumwoa hataweza.

"Una mchumba?" akaulizwa.

"Sina."

"Una ugonjwa?"

"Sina."

"Basi una nini?"

Hapo mwandishi ameacha mstari mtupu. Kisha mtu aliyekaa nyuma akasema neno moja, hanithi, na kikao kizima kikacheka. Anasema hicho kilikuwa kicheko cha kwanza kusikika katika mji ule tangu mazishi.

Usiku mdogo mtu na shemeji yake wamekaa nje wanachambua dagaa wa mboga. Ndipo anamweleza jambo ambalo hakupata kumweleza mtu, hata marehemu. Anasema, "Shemeji, wenzangu shuleni walipoanza kuzungumza habari za wasichana, nilingoja zamu yangu. Haikuja. Nikadhani itakuja nikikua. Haikuja."

"Na wanaume je?"

"Hata wanaume."

Shemeji akanyamaza, akaendelea kuchambua. Halafu akauliza, "Kwa hiyo huumwi?"

"Siumwi. Kinachoniuma ni kaka."

"Hata mimi," akasema shemeji.

Daftari la pili lote ni Jumamosi. Kila Jumamosi mdogo mtu anafunga cherehani mapema, anapanda basi dogo Bunda, anashuka Makutano, anapanda bodaboda mpaka Butiama. Analima, anacheza na mtoto, anakula, anakaa na shemeji wakimzungumza marehemu mpaka giza linaingia. Siku za wiki anahesabu siku zilizobaki. Anaweza kumkatia shemeji kitambaa cha gauni bila kumpima. Anajua kikohozi chake cha vumbi na kikohozi chake cha kuzuia machozi. Anatamani wazeeke wakiwa wameketi upande mmoja wa moto. Mwili wake hautamani. Haoni aibu wala fahari kwa hilo, kama vile mtu asivyoona aibu kwa kutopenda sukari katika chai.

Katika daftari la tatu anatokea mwalimu mmoja anayeanza kumsalimia shemeji kwa upole. Shemeji ana miaka ishirini na sita. Mdogo mtu anaona, na anatambua kuwa hana la kusema. Aliukataa urithi mbele ya ukoo, sasa atamzuiaje? Hadithi inaisha Jumamosi moja pale Makutano. Mdogo mtu ameshuka kwenye gari na kifurushi mkononi, sare ya shule ya mtoto. Mwenye bodaboda anamwuliza, "Twende?" Naye anasema, "Ngoja kidogo."

Basi, hakuna zaidi.

Ndugu msikilizaji, nilipomaliza kusoma nilimwita kijana nikamwambia hivi: "Mwanangu, mchapaji amesema kweli. Lete mvua usiku mmoja. Mdogo mtu akose gari la kurudi Bunda, walale nyumba moja, hamu iamke, msomaji apumue. Wasomaji wa mjini wanataka kuona kijana amepona."

Akanitazama kwa muda. Kisha akaniuliza kwa adabu, "Mzee, hamu ikiamka, kaka yake atafufuka?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia chai inapoa.

Tangu siku ile swali lake limenikera kama mchanga ndani ya kiatu, na leo nataka nieleze kwa nini naona yeye ndiye aliyekuwa sahihi, si mimi wala mchapaji wa Mwanza.

Kwanza, tuangalie hadithi zetu za mapenzi. Sisi ambao tulikuwa tukinunua magazeti ya wiki katika miaka ya 1990 tunazikumbuka zile hadithi za mfululizo zilizoishia na neno "itaendelea". Mara nyingi kifo kilitokea mwanzoni ili mapenzi mapya yapate nafasi. Mjane analia sehemu ya kwanza, sehemu ya tatu amekwisha kukutana na mtu kwenye basi. Dawa ya msiba ilikuwa ni mwili mwingine. Sisemi hayo hayatokei. Yanatokea, na wapo watu waliopona hivyo. Lakini tumezoea kiasi kwamba tukiletewa mfiwa ambaye dawa hiyo haimhusu, tunasema hadithi haijaisha. Tunamwona yeye mwenyewe kuwa mtu ambaye hajaisha.

Pili, tuangalie maneno yetu. Hanithi ni mtu ambaye mwili umeshindwa. Mseja au mtawa ni mtu anayeweza kutamani kama wengine, naye amejizuia kwa ajili ya nadhiri au kazi. Kapera ni mtu ambaye hajaoa bado, na neno "bado" ndilo lenye uzito. Huyu kijana wa madaftari si yeyote kati ya hao. Mwili wake ni mzima, hakuapa nadhiri, na hangoji. Hatukumpa neno, na mtu asiye na neno lake hupewa lolote lililo karibu. Pale kikaoni lililokuwa karibu lilikuwa tusi.

Jambo la ajabu ni kwamba kuishi bila kitanda tunakuheshimu sana panapokuwa na joho. Kijana wa hapa kwetu akipewa upadri katika Jimbo la Musoma, au katika Jimbo la Bunda lililoundwa mwaka 2010, tunampigia vigelegele kwa useja wake. Katika madrasa zetu watoto hufundishwa Hadithi Arobaini za Imam Nawawi, mwanazuoni wa Sham aliyefariki mwaka 1277 bila kuoa, na hakuna anayemcheka. Injili ya Mathayo, sura ya 19, inapozungumzia matowashi inawataja waliojinyima kwa ajili ya dini, na inawataja pia waliozaliwa hivyo. Sisi tumewasoma wale wa nadhiri, tukawaruka wale wa kuzaliwa.

Wasomi nao walichelewa. Mwaka 1948 mtafiti wa Marekani, Alfred Kinsey, alipotoa kitabu chake kikubwa juu ya tabia za wanaume, aliwapanga watu kwa namba kufuatana na wanayemtamani. Wale ambao hawakuonyesha kumtamani yeyote hawakupata namba. Aliwapa herufi X, kama mtu ambaye hakuwa na mahali pa kuwaweka. Ilipita zaidi ya nusu karne. Mwaka 2004 msomi wa Kanada, Anthony Bogaert, akachapisha uchunguzi uliotokana na majibu ya watu zaidi ya 18,000 wa Uingereza. Karibu mtu mmoja katika kila mia alisema hajapata kumtamani mtu yeyote, mwanamume wala mwanamke. Hesabu ya Uingereza si hesabu ya Mara, na sitaki mtu aondoke hapa akisema mzee wa redio ametuhesabu. Inatosha kujua kwamba mtu wa namna hii yupo duniani, na kwamba alikuwepo kabla hajaulizwa.

Najua hapo kuna msikilizaji anayesema haya ni mambo ya Wazungu. Basi turudi nyumbani.

Butiama, kijiji cha hadithi hii, ndicho alikozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922 na alikozikwa Oktoba 1999. Kila mtu anajua alivyokuwa mwanasiasa. Wachache wanakumbuka kwamba mwaka 1969 alitoa tafsiri ya mchezo wa Shakespeare akaiita Mabepari wa Venisi. Tunapoutaja mchezo ule tunakumbuka ratili ya nyama na yule mkopeshaji Shailoki. Lakini unaanza na Antonio, mfanyabiashara ambaye ana huzuni na hajui sababu yake. Marafiki wanakisia kuwa ni hofu ya mali iliyoko baharini, anakana. Wanakisia kuwa ni mapenzi, anakana. Mtu huyu ndiye anayekubali kuweka mwili wake rehani ili rafiki yake apate fedha za kwenda kuposa. Mwisho wa mchezo wamepatikana wana ndoa jozi tatu, na Antonio amebaki peke yake. Shakespeare hakueleza Antonio ni mtu wa namna gani, nami sitamsemea. Nasema tu kwamba mchezo haukumtafutia mke ili tupumue. Ulimwacha vile alivyo, na hakuna aliyesema haujaisha.

Na ukitoka Bunda ukaelekea Kisorya, ukavuka maji kwa kivuko mpaka Ukerewe, unafika kwa Aniceti Kitereza. Mzee huyo alimaliza kuandika kitabu chake kwa Kikerewe mwaka 1945. Akangoja mchapaji miaka mingi, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kikatolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Yeye akafariki mwaka 1981. Ni kitabu cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke waliokosa mtoto. Ndugu wa mume wanamsimanga mke, wazazi wake wanakuja kumchukua. Ukoo unaona dawa iko wazi, mume aoe mwingine. Myombekere hafanyi hivyo. Anamfuata mkewe ukweni, anaomba radhi kwa makosa ya ndugu zake, anatozwa pombe ya ndizi, anahangaika kuitengeneza mpaka mkewe arudi.

Hao ni mke na mume kamili, na mwishowe wanapata watoto. Sisemi wanafanana na mdogo mtu. Lakini angalia Kitereza anatuonyesha mapenzi kwa njia gani. Anatuonyesha mtu anayetembea, anayebeba mitungi, anayeketi ukweni akisemwa, kwa ajili ya mtu mmoja ambaye ukoo umekwisha kumwona hana faida. Hayo ndiyo mapenzi yanayosomwa mpaka leo katika kitabu kikubwa kuliko vyote vya ziwa letu. Mdogo mtu naye anatembea. Kila Jumamosi, Bunda hadi Makutano, Makutano hadi Butiama.

Kuhusu mila, mkoa wetu hauna haki ya kujifanya unashangaa. Kaskazini yetu, kwa ndugu zetu Wakurya, ipo nyumba ntobhu. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume humwoa mwanamke mwingine kwa mahari, ili watoto watakaozaliwa waendeleze mji wake. Hao wanawake wawili hawaoani kwa ajili ya kitanda. Wanaoana kwa ajili ya nyumba. Mila hiyo ina matatizo yake, wapo mabinti wanaotolewa bila kuulizwa, na mimi siisifii. Naitaja ili tuone kwamba wazee wetu walijua tangu zamani kuwa nyumba ni kitu kimoja na hamu ni kitu kingine. Hata yule baba mkubwa kikaoni hakutaja mapenzi. Alitaja moto usizimike.

Nije kwenye sheria, maana wengi tunakaa vikao vya ukoo bila kuijua. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 68, inasema mwanamke aliyefiwa na mumewe ana uhuru wa kuishi anakotaka, wa kubaki bila kuolewa, au wa kuolewa na mwanamume anayemchagua mwenyewe, hata kama mila inasema vingine. Kwa walioolewa Kiislamu, eda hutangulia. Wanaharakati walipopita vijijini kupiga vita urithi wa wajane, hasa baada ya UKIMWI kuonekana Kagera mwaka 1983, walimtetea mjane, na walifanya vyema. Mwenye kuumia zaidi alikuwa yeye.

Lakini ni nani aliyemfikiria shemeji wa kiume asiyetaka kurithi? Tulidhani hayupo. Tulidhani mwanamume akipewa mwanamke atashukuru. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 16, inasema ndoa haifungwi ila kwa hiari ya kila mmoja kati ya wawili hao. Kila mmoja, ndugu msikilizaji, pamoja na mwanamume. Kifungu cha 39 kinasema ndoa ambayo tendo halikuweza kufanyika, au ambayo mmoja amekataa kwa makusudi, inaweza kubatilishwa. Angalia neno "inaweza". Mpaka mmoja wao aende mahakamani kulalamika, ndoa hiyo ni ndoa. Maana yake wawili wakielewana tangu mwanzo, wakawekana wazi, wakaamua kuishi nyumba moja kwa mapenzi yasiyo na kitanda, serikali haiwagongei mlango.

Hapo nakuja kwenye hoja nzito kuliko zote, na ndiyo sababu naliheshimu daftari la tatu. Wakiwekana wazi. Mdogo mtu angeweza kunyamaza kikaoni, akakubali, akapata alichokitaka, yaani kukaa na shemeji na mtoto siku zote. Ukoo ungemshangilia. Angekuwa amemdanganya mwanamke wa miaka ishirini na sita, ambaye pengine anataka mume wa kamili na watoto wengine, naye angekuja kulijua hilo baada ya mlango kufungwa. Wapo wanaume waliofanya hivyo, na wapo wanawake waliozeeka wakijiuliza wamekosa nini. Mdogo mtu alisema ukweli mbele ya watu waliomcheka, na kwa kusema ukweli aliweka rehani kitu pekee kilichobaki katika maisha yake. Mwalimu akimposa shemeji, na shemeji akikubali, mdogo mtu atafiwa mara ya pili, na safari hii hakutakuwa na matanga. Hakuna atakayemletea pole. Watu watauliza, kwani alikuwa nani kwake?

Ndiyo maana nasema mvua niliyoshauri iletwe ingekuwa uongo, tena uongo wa kikatili. Ingewaambia vijana wote wa namna yake kwamba wangoje tu, wataamka. Ingewaambia akina shemeji kwamba mwanamume akisema "sitamani" hana maana ya anachosema, asukumwe kidogo. Na ingelifanya lile shati alilolishonea kifungo liwe maandalizi tu ya jambo lingine. Shati lile halikuwa maandalizi. Ndipo kilio chake kilipokuwa, na watu hawakukiona kwa sababu walitazama macho yake badala ya kutazama mikono yake.

Nina neno moja kwa wazee wenzangu. Tunapokaa kikao na kumwuliza kijana, "Basi una nini?", tuhakikishe tunataka jibu. Tusimwachie mtu wa nyuma ajibu kwa niaba yake. Wapo vijana wanaoikimbia miji yao kwa sababu ya swali hilo, wakaenda kupotelea Mwanza na Dar es Salaam, nasi tukabaki tunasema wameharibiwa na mji. Kijana anayesema atalima, atasomesha na ataezeka amekwisha kutuambia ana nini. Na mjane naye aulizwe anataka nini, kisha wote wanyamaze asikilizwe. Katika kikao kile cha daftarini hakuna aliyemwuliza shemeji hata neno moja, na nilikuwa nimesoma mara mbili kabla sijaligundua hilo.

Wiki iliyopita nilikwenda Bunda. Nilimkuta kijana katikati ya vitambaa, wazazi wamemjalia sare za shule za kushona. Nikamwambia nimekuja kufuta ushauri wangu, hadithi ibaki ilivyo, na kama mchapaji hataki, atafutwe mwingine. Akashukuru bila kusimamisha mguu kwenye cherehani. Nikamwuliza kama shemeji mwishowe anaolewa na yule mwalimu. Akasema, "Mzee, hata mimi sijui."

Sikumwuliza kama anazungumza habari za kitabu au za kitu kingine. Sikuona kuwa nina haki hiyo.

Madaftari mawili nilimrudishia siku ile. La tatu nilikuwa nimelisahau nyumbani Musoma. Amenipigia simu kuniomba nilipeleke kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi huwa hayupo Bunda.